Kuchagua prosesa ya bei nafuu kwa kompyuta ya steshenari

Wengi wanaonifuata hapa Tabora kuunganishiwa kompyuta huanza na bei ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Mimi huwauliza kwanza: mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa, utaitoa wapi? Prosesa ni kitu kidogo, inasafiri kwa basi kutoka Kariakoo bila shida. Mazabodi inayoendana nayo ndiyo itakayokutoa jasho.

Hatua ya 1: Taja kazi

Kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya ajira na mikopo mtandaoni: kori 4 (sehemu za ndani ya prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) zinatosha. Anayehariri video za harusi aanzie kori 6, mfano Ryzen 5 5600G ya kampuni ya AMD.

Hatua ya 2: Soma namba, achana na stika

Stika ya i7 ya Intel imeshawaliza watu. Core i7-2600 ilitoka 2011, ina kori 4 na nyuzi 8 (kazi inazoweza kushika kwa mpigo), wati 95. Core i3-12100 ya 2022 nayo ina kori 4 na nyuzi 8, wati 60, na inaiacha ile i7 mbali sana. Kwenye namba za namna hii za Intel, ondoa tarakimu tatu za mwisho. Kinachobaki ni kizazi. 2600 ni kizazi cha 2, 8100 cha 8, 12100 cha 12.

Kisha angalia herufi ya mwisho. F, kama i3-12100F, maana yake haina grafiki ndani, yaani sehemu inayotoa picha kwenye skrini. Bei yake inavutia, lakini bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi, na kadi hiyo itameza chote ulichookoa. Kwa Ryzen za AM4 (aina ya soketi ya AMD, yaani mahali prosesa inapokaa kwenye mazabodi) ni kinyume: tafuta yenye G, ndiyo yenye grafiki. Ukitegemea grafiki ya ndani, weka RAM mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8. Zikifanya kazi kwa jozi, grafiki inapumua.

Hatua ya 3: Fikiria Windows

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa Intel za kawaida, inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD, Ryzen 3 3200G imo kwenye orodha yao, 2200G haimo, ingawa kwa macho ni ndugu na zote zina kori 4. Ukitumia Linux badala ya Windows, hata kizazi cha 4 bado kinapiga kazi. Ila mteja wa steshenari anakuja na faili la Word kwenye flashi, na likifunguka limevurugika kwenye Linux kesi ni yako.

Hatua ya 4: Oanisha na mazabodi

Hapa usiharakishe. i3-7100 na i3-8100 zote zinaandikwa LGA1151, jina la soketi yake, na zinaingia kwenye soketi bila kulazimishwa. Lakini 8100 ukiiweka kwenye mazabodi ya H110 (jina la chipu kuu ya mazabodi), haiwaki. Inataka H310 au wenzake wa mfululizo wa 300. Muuzaji akikwambia "soketi ni ileile", mwombe jina kamili la mazabodi, uingie tovuti ya mtengenezaji, usome orodha ya prosesa inazokubali.

AM4 ina unafuu wake. Anza na 3200G juu ya mazabodi ya B450. Fedha ikipatikana unapandisha 5600G palepale. Sasisha BIOS, programu ya mazabodi inayowasha mashine, kabla hujaitoa prosesa ya zamani.

Na kusema kweli, mara nyingi mtu wa steshenari namshauri anunue kompyuta nzima ya mtumba ya ofisi, kama Dell OptiPlex 3060 yenye i3-8100. Prosesa na mazabodi vimeshaoana.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kulipa

Mzigo ukitoka mbali, omba video ya mashine ikiwa imewaka, jina la prosesa likisomeka kwenye BIOS. Ikifika, prosesa ya AM4 ipindue, mulika tochi ya simu kwa ubavu, tazama mistari ya pini: iliyopinda itajitenga na wenzake. Kwa Intel, pini zimo ndani ya soketi ya mazabodi, kwa hiyo mulika huko. Wakati wa kufunga, linganisha pembetatu ndogo ya dhahabu ya kona na alama ya soketi, iache ishuke yenyewe bila kuikandamiza, weka juu yake tone la pesti ya kupitisha joto kama punje ya choroko, ndipo ufunge feni.