Amplifaya ya gari ikae chini ya kiti

Gari kama Probox au Fielder ikiegeshwa mjini Kisumu, kila mpita njia anaona buti lote kupitia kioo, kwa hiyo amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti ya muziki, usiiweke huko. Chini ya kiti cha abiria cha mbele ndiko kuzuri. Kwanza sogeza kiti mbele na nyuma hadi mwisho, uone kama vyuma vyake vitaikwaruza. Nyaya za manjano za mifuko ya hewa usiziguse. Iachie nafasi juu ipumue, joto la huku halina mchezo, na ifunge kwenye kibao maana zulia hulowa wakati wa mvua. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia uvunguni uangalie mabomba ya breki na mafuta yanapopita. Fyuzi ya waya wa umeme wa amplifaya iwe karibu na betri.