Tochi ya kila usiku na tochi ya dharura: ipi iwekwe betri gani

Kabla ya kuuliza betri ipi ni bora, jiulize tochi yako inawaka mara ngapi. Mimi ni mlinzi wa usiku, nina tochi mbili. Moja haitoki mkononi, nyingine imelala kwenye droo ikingoja siku ya balaa. Ya kwanza naiwekea betri ya kuchaji, ya pili betri ya lithiamu ya kutumia na kutupa.

Ya kuchaji ni 18650, ya aina ya lithiamu-ayoni. Namba hiyo ni vipimo vyake: unene milimita 18, urefu 65. Ikijaa husoma volti 4.2, na ikikaribia 3 naitoa, maana kuikamua mpaka iishe kabisa kunaichosha mapema. Ikitunzwa huchajiwa mara mamia, kwa hiyo kwa mtu wa kila usiku hesabu ya pesa haina ubishi. Nunua yenye kinga ya kukata umeme ndani yake, ila upime kwanza kama itaingia, kwa sababu kinga huirefusha milimita chache. Na ukikuta imeandikwa miliampea-saa (kipimo cha chaji inayobeba) 9900, irudishe ilikotoka. Betri nyingi nzuri za ukubwa huo huishia karibu na 3500. Iliyobaki ni porojo za lebo.

Tochi ya droo ina betri mbili za kutupa ziitwazo CR123A, za volti 3 kila moja. Hizi hukaa kwenye pakiti hata miaka 10 zikiwa bado na nguvu, wakati ya kuchaji hupungua chaji polepole hata usipoigusa. Kama tochi yako ni ya AA, zipo za lithiamu za volti 1.5: nyepesi, na hustahimili baridi hata ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ya kuchaji, baridi ikishuka chini ya sifuri, usiichaji kabisa.

Kasoro ya CR123A ni kwamba haikuagi. Mwanga unabaki uleule, kisha unazima ghafla. Hapo ndipo watu hubadilisha betri moja tu ili kubana matumizi, na hapo ndipo pana hatari. Mpya na iliyochoka zikipangwa pamoja, iliyochoka huisha kwanza, nayo yenye nguvu huendelea kuisukuma. Inapata moto, na inaweza kupasuka ndani ya tochi iliyofungwa kwa nguvu. Badilisha zote mbili, za aina moja, za pakiti moja.

Halafu kuna betri zinazofanana kwa umbo. 16340 ya kuchaji inaingia vizuri kabisa palipotengenezewa CR123A, na 14500, nayo ya kuchaji, inaingia pa AA. Kuingia si kufaa. 16340 mbili zilizojaa hutoa volti 8.4 kwenye tochi iliyotarajia 6, na 14500 hutoa 4.2 mahali pa 1.5. Zipo tochi zinazokubali aina zote mbili, lakini zimeandikwa hivyo. Kama haijaandikwa, usijaribu.

Chaja iwe ya lithiamu-ayoni, inayojikata yenyewe betri ikifika 4.2. Za kutupa usizichaji hata siku moja, na za kuchaji uzichaji ukiwa macho.

Kila ninapotoa betri kwenye chaja, nailaza kiganjani na kuizungusha taratibu nikiangalia ukingo wa juu. Chuma chote kilicho chini ya plastiki ni hasi, na pale juu kinatenganishwa na ncha chanya na kipete chembamba tu. Plastiki ikichanika hapo hata kidogo, chuma cha tochi au sarafu kinaweza kuziunganisha hasi na chanya. Nikiona mchaniko situmii tena mpaka niivalishe ganda jipya, lile linalosinyaa kwa joto. Iliyobonyea au kuvimba haina matengenezo.

Za akiba ziwe kwenye kiboksi cha plastiki, kamwe si mfukoni pamoja na funguo. Zilizokufa zibandike utepe kwenye ncha zote mbili, kisha zipeleke zinakokusanywa taka za umeme.