Somo: Rada ya kupima chini ya ardhi huona kina gani hapa Mwanza

Ninaliandika somo hili kwa sababu kila mara ninaulizwa mashine "inafika meta ngapi", kana kwamba kina kimeandikwa kwenye boksi lake.

1. Tambua udongo kwanza. Kwenye luseni, ule mchanga wa miteremkoni, mawimbi ya rada hushuka vizuri. Kwenye mbuga nyeusi ya bondeni mfinyanzi huyanyonya, na mara nyingi hupati hata meta moja.

2. Chagua antena. Wimbi likienda sentimeta 10 kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), antena ya megahezi 400 hutenganisha tabaka zilizoachana takriban sentimeta 6, na ya 100, ambayo hushuka zaidi, sentimeta 25.

3. Pita ukikatiza bomba unalolitafuta, usilifuate; ukilikatiza ndipo huchora upinde kwenye skrini.

4. Pima kasi ya wimbi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa kuwa rada haipimi kina bali muda wa wimbi kwenda na kurudi, na kina ni hesabu inayotokana na kasi uliyoiingiza wewe. Tuseme mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 30: ukiwa umeweka sentimeta 10 kwa nanosekunde, skrini itaonyesha meta 1.5, ilhali udongo uliolowa huenda unapitisha sentimeta 6 tu, na bomba liko sentimeta 90. Dereva wa ekskaveta uliyemwambia achimbe meta moja bila wasiwasi atalikata. Usitumie kasi ya kiangazi wakati wa masika, wala usiitoe ya Capri Point ukaipeleka Buhongwa. Oanisha upinde wa kwenye skrini na ule wa programu, ukibadilisha kasi mpaka zilingane, au, bora zaidi, fukua mahali pamoja upime kwa tepu.

Swali: Mkuu, niko Geita. Ipi inaona dhahabu meta 20?

Jibu: Hakuna. Soma hatua ya 2, kisha ulinganishe na ukubwa wa punje.

Swali: Lakini muuzaji amenihakikishia.

Jibu: Basi akuonyeshe kwenye shimo lako kabla hujalipa.

Swali: Samahani mwalimu, kama unyevu unasumbua hivi, ziwani haifai kabisa?

Jibu: Umeuliza vizuri. Kinachoua wimbi hasa ni umeme kupita kirahisi, jambo linaloletwa na chumvi na mfinyanzi. Maji ya ziwa hayana chumvi nyingi, kwa hiyo antena ya masafa ya chini ndani ya mtumbwi wa mbao inaweza kuonyesha sakafu chini ya meta kadhaa za maji. Baharini Dar es Salaam ungeshindwa papo hapo. Ongeza tu muda wa kurekodi, kwani majini wimbi huenda takriban sentimeta 3.3 kwa nanosekunde.

Swali: Na haya mawe yetu, si huchora upinde kama bomba?

Jibu: Huchora. Piga mistari sambamba kila nusu meta: bomba litajirudia kwenye yote, jiwe litapotea. Upinde mpana mno, wenye kasi ya karibu sentimeta 30 kwa nanosekunde, umetoka hewani; tazama nguzo, ukuta au nyaya zilizo karibu nawe.