Somo: Kuchora mfumo ili developa mgeni auelewe

Wakuu, tuchukue mfano wa duka la jumla la vitenge Kariakoo. Mteja anaagiza kwa simu, analipia humo humo, bodaboda anapeleka mzigo.

Hatua ya 1. Chora mfumo wote kama kisanduku kimoja. Pembeni weka watu (mteja, mwenye duka, bodaboda) na mifumo jirani, kama ule wa kampuni ya simu unaopokea malipo. Mchoro huu ni wa mwenye duka. Habari za hifadhidata hazimhusu.

Hatua ya 2. Sasa fungua kisanduku: programu ya simu, seva, hifadhidata. Huu ni wa madevelopa. C4, mtindo wa Simon Brown wa kuchora mifumo ya programu, una ngazi nne, ila mifumo mingi inatosheka na hizi mbili za mwanzo. Ngazi ya nne, ya msimbo (code) wenyewe, mimi sichori. Msimbo ukiguswa tu, mchoro umeshadanganya.

Hatua ya 3 ni mishale, na hapa ndipo wengi wanalipua kazi. Mshale mtupu kati ya seva na kampuni ya simu haumwambii mtu kitu. Nani anaanza? Andika juu yake "inaomba malipo". Mteja ataingiza namba ya siri kwenye simu yake, na jibu litarudi baadaye, kwa hiyo lichoree mshale wake: "inaleta matokeo ya malipo". Ukishaona mishale miwili, swali linakuja lenyewe: jibu lisipofika, oda inabaki katika hali gani? Mshale mmoja ungelificha.

Hatua ya 4. Maamuzi hayachoreki, yaandike. Ukurasa mmoja kwa uamuzi mmoja: hali ilikuwaje, tumeamua nini, tutaumia wapi. Mkibadili mawazo msifute. Andikeni mwingine unaoutaja ule wa zamani.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nichoree kwenye nini?*
Mermaid. Unaandika maneno, mchoro unatoka wenyewe, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, inauonyesha tangu 2022. Faili linakaa pamoja na msimbo, hivyo anayekagua mabadiliko anaona kama mchoro umesahaulika.

*UML ya chuo, ile lugha ya kuchora mifumo, tuitupe?*
Hapana. Mchoro wake wa mfuatano, unaoonyesha nani anamtumia nani ujumbe na kwa mpangilio gani, ndio hasa unaofaa kwa malipo ya hatua ya 3.

*Bosi anataka mchoro mmoja wenye kila kitu, abandike ukutani.*
Mchapishie ule wa hatua ya 1. Aking'ang'ania, muulize anataka kuamua nini kwa kuutazama, kisha umchoree hicho tu.