Programu ya kati kwa redio za kijeshi zinazokatika ovyo

Chukua redio ya VHF yenye kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Pakiti (kifurushi cha data) ya baiti 1,500 hutumia sekunde 1.25 kupita hewani. TCP (kanuni ya mtandao inayotuma upya data mpaka ifike) ya Linux huanza kwa kuruhusu pakiti 10 mfululizo, na kwa kuwa kipima muda chake cha kusubiri risiti kimejipima kwa pakiti ndogo za kufungua mawasiliano, huisha mapema na kutuma upya data ambayo bado iko kwenye foleni ya redio. Kilima kikikata mawimbi, TCP hudhani ni msongamano, inapunguza kasi. Usiipitishe redioni.

Weka programu ya kati ndani ya kila gari: ipokee ujumbe kutoka programu za humo, iutume redioni kwa UDP, kanuni inayotuma bila kusubiri risiti. Kila ujumbe ubebe namba ya mtumaji, namba ya mfuatano, kipaumbele, mada, na sekunde za uhai zilizobaki. Usiandike saa ya kuisha: GPS ikizibwa na adui, saa za magari hupishana na ujumbe ambao bado unafaa hutupwa. Kila gari lipunguze tu, kwenye sekunde hizo, muda ambao ujumbe umekaa kwake.

Kazi kubwa iko kwenye foleni. Gari linalotangaza mahali lilipo kila sekunde 5, likikaa bondeni dakika 10, hulimbikiza ujumbe 120. Likirudi hewani, ombi la kuhamisha majeruhi litakwama nyuma ya habari zilizopitwa na wakati. Kwa hiyo taarifa mpya ya mahali ifute ya zamani yenye mada ileile. Amri na maombi ya majeruhi viandikwe kwenye diski, vitumwe mpaka risiti irudi.

Ujumbe mrefu ukigawanywa vipande 10, na kila kimoja kina hatari ya 10% kupotea, uwezekano wa vyote kufika ni 35% tu. Mpokeaji aombe vilivyokosekana peke yake. Kwa wapokeaji wengi tumia NORM (kanuni ya kutuma kwa wengi kwa uhakika, iliyoelezwa kwenye waraka RFC 5740), ambayo huwafanya wasubiri muda wa kubahatisha ili wasijibu kwa pamoja.

Namba ya mfuatano ihifadhiwe diskini pia. Ikirudi sifuri kompyuta ikiwashwa upya, wapokeaji watautupa ujumbe mpya wakidhani ni marudio.

Jaribu mezani, pande zote mbili, maana netem (zana ya Linux ya kuiga mtandao mbovu) hugusa pakiti zinazotoka tu:

`tc qdisc add dev eth0 root netem rate 9600bit delay 300ms loss 20%`

Kisha chomoa waya dakika 10, uurudishe, na uangalie ni ujumbe gani unatoka kwanza.