Jinsi ya kukagua nakala ya upanga wa afisa wa Uingereza kabla ya kulipa

Hapa naeleza upanga mmoja tu: ule wa afisa wa askari wa miguu, muundo wa mwaka 1897, ambao maafisa wa Uingereza bado wanaubeba kwenye gwaride. Wanunuzi wengi hutazama kwanza jinsi bapa linavyong'aa. Mimi huanza na kinga ya mkono, maana fundi aliyelipua kazi hujulikana hapo.

Hatua ya 1: Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa kinga, ule unaogusa nguo upanga ukining'inia kiunoni. Lazima uwe umekunjwa kuelekea chini. Muundo wa 1895 haukuwa na mkunjo huo, na ukingo wake ulikuwa unasaga sare. Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa muundo wa 1897, kwa hiyo nakala isiyo na mkunjo si ya upanga huu, hata muuzaji aseme nini.

Hatua ya 2: Soma herufi za mfalme au malkia zilizo katikati ya nakshi ya kinga, kisha tazama taji juu yake. VR ni Victoria, GVR ni George V, EIIR ni Elizabeth II. Taji la George V lina matao ya mviringo. Matao ya taji la Elizabeth II yamebonyea katikati. Niliwahi kuuziwa nakala yenye GVR chini ya taji lililobonyea, nikiambiwa ni ya enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo natembea na kioo cha kukuzia.

Hatua ya 3: Pima bapa. Liwe limenyooka, urefu inchi 32 na nusu, yaani kama sentimita 82.5. Upanga huu uliundwa kwa kuchoma zaidi kuliko kukata.

Hatua ya 4: Shika mpini, gonga bapa taratibu kwa kiganja. Ukisikia kitu kinacheza, mpini haujakazwa, usinunue. Ngozi ya samaki iliyozungushiwa waya ndiyo sahihi, ingawa nakala za bei nafuu huweka plastiki.

Hatua ya 5: Ukifika nyumbani, futa alama za vidole, paka mafuta ya cherehani kidogo. Ala ya ngozi itunze kando: ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia humo bila wewe kuiona.