Kupata mwaka aliozaliwa bibi kwa ajili ya wasifu

Wasifu wa bibi wa kusomwa mazishini usiandikwe usiku wa kuamkia siku hiyo. Wengi wa rika lake hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa tu. Keti na wadogo zake au wifi zake, uulize kwa matukio, siyo kwa miaka. Uhuru wa Tanganyika wa 1961 ulimkuta ameshaolewa? Reli ya TAZARA, ya Tanzania na Zambia, ilipojengwa, 1970 hadi 1975, mgongoni alikuwa na mtoto yupi? Ukishapata mwaka wa mtoto wa kwanza, punguza humo umri aliokuwa nao alipomzaa, halafu linganisha na mwaka wa dada yake anayemfuata. Majibu yakipishana, andika "takriban 1942". Ni heshima zaidi kuliko tarehe ya kubuni itakayochongwa kaburini.

Daftari la ubatizo la parokia au usharika husaidia sana, ila wengi walibatizwa wakubwa, kwa hiyo angalia kama umri umeandikwa pembeni.

Majina ya watoto yataje yote, hata ya waliofariki wachanga. Mmoja akiachwa, hapo ndipo ugomvi huzuka. Na mtajeni kwa kazi zake: ulezi aliolima, wakunga aliowafundisha. Maneno 300 yanasomeka kwa dakika tatu hivi.